Vigae vya chupa vinavyogeuka vito: Jumapili ya mfanyabiashara kati ya Kabalagala na mwalo wa Ggaba

KABALAGALA, Kampala

JUMAPILI saa moja asubuhi, Kabalagala ndiyo kwanza inapumzika. Muziki umezimwa, waendesha boda boda wachache wamesinzia juu ya pikipiki zao, na mbele ya baa zilizopangana kandokando ya Barabara ya Ggaba wafagiaji wanakusanya mabaki ya usiku. Kinachosikika zaidi ni mlio wa chupa. Zilizo nzima zinapangwa kwenye kreti, zilizovunjika zinamiminwa kwenye ndoo na magunia.

Chupa nzima ya bia ina mwenyewe. Ililipiwa amana, na kreti lake litarudi kwa wakala, kisha kiwandani, lioshwe na kujazwa tena. Kigae hakina mwenyewe. Kinaishia jalalani au kwenye mtaro, na mvua kubwa ikinyesha kinasukumwa kuelekea bonde la Kansanga, ambalo maji yake huishia Ziwa Victoria.

Wafanyabiashara wa mipakani wanaufahamu mtaa huu. Mtu ametoka Kisumu, Mwanza, Goma au Juba, amemaliza kununua Kikuubo na Owino, mizigo imefungwa na kupelekwa kituoni, na basi linaondoka jioni. Kabalagala anapata chumba, anapata chakula cha Kihabeshi au cha Kikongo, na anapata watu wa kuzungumza nao Kiswahili. Asichopata ni kazi ya kufanya Jumapili asubuhi. Wengi hulala tu, na wengine huikaribisha chupa ya kwanza mapema mno.

Ipo njia nyingine ya kuitumia asubuhi hiyo, nayo haimgharimu mtu zaidi ya nauli ya teksi. Unapanda gari linaloelekea kusini, unapita Kansanga na Bunga, unashuka mwisho wa lami, kwenye mwalo wa Ggaba. Hapo, mbali kidogo na mitumbwi na meza za samaki, ukitembea polepole huku macho yakiwa chini, unaanza kuona vipande vya kioo visivyokata.

Kigae kisichokata

Kwa mbali hudhani ni peremende iliyodondoshwa na mtoto. Ukikiokota unakuta kingo zake zimeviringika, ncha zimekwisha, na uso wake una ukungu kama kioo cha dirisha la bafu. Ukikilowesha, rangi inarudi mara moja. Kikikauka, ukungu unarudi. Ni chupa, lakini ni chupa iliyokaa na mawe na mchanga muda mrefu hadi ikasahau kukata.

Nchi za nje watu huita vipande hivi kioo cha bahari, na wako wanaovifuata kutoka bara moja hadi jingine. Wanavipanga kwa rangi, wanavitengenezea vipuli na mikufu, na wana vyama vyao vya wakusanyaji. Kwetu jambo hili halina kelele. Watoto wa pwani wamekuwa wakiokota vigae hivi kama wanavyookota simbi, na mama anayefua kando ya ziwa huenda akakiweka kimoja dirishani bila kukipa jina.

Furaha yake ni rahisi kueleza kwa mfanyabiashara, kwa kuwa inafanana na ile ya kupekua robota la mitumba. Hujui utakachokuta. Unapita vitu mia visivyo na maana, kisha jicho linagonga kimoja na mkono unakwenda wenyewe. Tofauti ni kwamba hapa hakuna anayekushindania, hakuna bei ya kupatana, na ukitoka mikono mitupu hujapoteza mtaji. Kichwa kilichokuwa kikihesabu viwango vya kubadilisha fedha wiki nzima kinapata saa mbili za kuhesabu mawe.

Magadi, mchanga na miaka

Kioo cha chupa hutengenezwa kwa vitu vitatu vikuu: mchanga, magadi na chokaa. Mchanga ndio mwili. Magadi huufanya uyeyuke kwa joto pungufu, na chokaa huufanya uwe imara usiyeyushwe na maji. Eneo letu lina vyote hivyo. Ziwa Magadi nchini Kenya limekuwa likitoa magadi kwa viwanda tangu kampuni ya kwanza ilipoanzishwa hapo mwaka 1911. Chupa zenyewe hupikwa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, na husafiri hadi kwenye viwanda vya vinywaji vya nchi jirani. Kwa hiyo kigae kinachookotwa Ggaba kinaweza kuwa kimevuka mipaka kabla ya mwenye kukiokota kuzaliwa.

Kikiangukia majini, kazi mbili huanza. Ya kwanza ni ya mawimbi: kigae hubiringishwa juu ya mchanga na kokoto, kingo zikamomonyoka kidogo kidogo. Ya pili ni ya maji yenyewe. Maji hunyonya magadi yaliyo kwenye ngozi ya kioo, na ngozi hiyo hubaki na vishimo vidogo sana. Vishimo hivyo ndivyo vinavyoonekana kama ukungu.

Baharini kazi hizi huenda sambamba, na wakusanyaji wazoefu hukadiria miaka 20 hadi 40 au zaidi kabla ya kigae kuiva. Katika maji baridi ya ziwa, yasiyo na chumvi, kioo huwa na ukungu hafifu zaidi na mara nyingi hung'aa kidogo. Ndiyo maana wajuzi hutofautisha kioo cha bahari na kioo cha ziwani. Cha ziwani hakina kasoro, ila ni bidhaa nyingine, kama sangara alivyo tofauti na changu.

Ghuba ya Murchison, ambako Ggaba ipo, imejificha ndani ya nchi kavu na mawimbi yake si makali. Vigae vingi hapo ni vibichi au nusu mbichi: kingo zimelainika upande mmoja, upande wa pili bado unakata. Sehemu zinazotazama maji wazi, kama fukwe za visiwa vya Ssese vinavyofikiwa kwa feri kutoka Entebbe, hupigwa zaidi na upepo wa kusini mashariki na kazi yake huwa nzuri zaidi.

Wakati wa kwenda nao una kanuni zake. Pwani ya Hindi mtu hufuata maji kupwa, hasa siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, bahari inaporudi mbali na kuacha wazi sehemu ambazo siku nyingine hazionekani. Ziwani hakuna kupwa na kujaa kwa kiasi hicho. Kinachofuatwa ni dhoruba. Asubuhi ya baada ya usiku wa upepo ndiyo asubuhi ya kutoka, maana mawimbi yamefukua tabaka za chini na kuzitandaza juu. Ziwa likipanda na kushuka, kama lilivyopanda mwaka 2020 na kufurika mialo mingi, ikiwemo Ggaba, vitu vya zamani huibuka pia.

Rangi inavyosimulia

Kipande cha kahawia ndicho cha kawaida. Kinatokana na chupa ya bia, ambayo hupewa rangi hiyo ili kuzuia mwanga usiharibu kinywaji. Kijani ni cha bia, soda au divai. Cheupe ni cha pombe kali, chupa za jemu na vioo vya taa. Rangi ya maji, kati ya kijani na buluu, mara nyingi hutokana na chupa za soda za zamani, na hupendwa.

Buluu iliyokolea ni bahati. Zamani ilitumika kwa chupa za dawa na vikopo vya marashi ya kifua. Nyekundu ni nadra zaidi, kwa kuwa kioo cha rangi hiyo kilikuwa ghali kukitengeneza na kilitumiwa kwenye taa za ishara na vyombo vya mapambo. Rangi ya chungwa ndiyo adimu kuliko zote.

Kwa Kampala, vigae vinabeba pia historia ya vinywaji. Kenya ilipiga marufuku pombe ya vifuko mwaka 2004, Tanzania ikaondoa viroba Machi 2017, na Uganda ikafuata mwaka 2019 kwa kuzuia pombe kali katika ujazo ulio chini ya mililita 200. Pombe ikatoka kwenye vifuko na kuingia kwenye chupa ndogo, nyingine za plastiki, nyingine za kioo. Chupa ndogo ya kioo hairudishwi kama ya bia. Ikinywewa imekwisha kazi, na mtu akishalewa huitupa popote. Vigae vyeupe vyembamba vinavyoonekana leo kwenye mitaro ya Kabalagala ni vya kizazi hicho. Vitakuwa tayari kuokotwa na wajukuu.

Simbi iliyogeuka fedha

Anayecheka mtu mzima kuokota vitu ufukweni hajaisikiliza lugha ya mji huu. Kwa Kiganda fedha huitwa ensimbi, na neno hilo ndilo jina la simbi, yule konokono mdogo wa baharini mwenye gamba jeupe linalong'aa.

Simbi haipatikani Ziwa Victoria. Ilitoka Bahari ya Hindi, ikabebwa na misafara ya biashara hadi bara, mikono ikibadilishana njiani. Wafanyabiashara wa kutoka Zanzibar walifika kwenye baraza la Kabaka Suna II katika miaka ya 1840, na katika karne hiyo ya 19 simbi zilizotungwa kwenye uzi zilikuwa fedha halali sokoni Buganda. Watu walilipia mbuzi, ndizi na jembe kwa kitu ambacho mtu fulani, siku mia kadhaa kabla, alikiokota mchangani.

Shanga za kioo nazo zilisafiri njia hizo hizo, na kabla yake pia. Wachimbuaji wa mambo ya kale wamezikuta kwa wingi Unguja Ukuu, bandari ya zamani kusini mwa Unguja. Zililetwa kwa jahazi kutoka ng'ambo, na pwani ikazisambaza.

Kwa hiyo kuokota na kuuza ni ukoo mmoja tangu zamani. Kilichoipa simbi thamani ni kwamba Buganda haikuweza kuitengeneza, na kila aliyeipokea aliamini kuwa ni simbi kweli. Siku simbi zilipoingizwa kwa wingi kupita kiasi, thamani yake ilishuka, kama fedha yoyote ile.

Swali la mnunuzi

Hapo ndipo mfanyabiashara anapaswa kutulia. Kioo cha bahari kinauzika. Maduka ya kazi za mikono ya Barabara ya Buganda jijini Kampala, Masai Market ya Nairobi na vichochoro vya Mji Mkongwe Zanzibar hupokea wageni wanaotafuta kitu kidogo, chepesi, chenye hadithi. Kipuli cha kigae kilichofungwa kwa waya wa shaba hakizidi uzito wa barua. Kinavuka mpaka ndani ya mfuko wa shati.

Lakini mnunuzi makini atauliza swali moja: ni cha kweli? Kioo chenye ukungu kinaweza kutengenezwa kwa siku chache. Vigae hutiwa kwenye pipa linalozunguka pamoja na mchanga na maji, au huchovywa kwenye asidi, na vinatoka vimelainika na kufifia. Kwa mapambo ya bei nafuu hilo si kosa, mradi muuzaji aseme. Kosa ni kuandika kwenye kadi kuwa kimeokotwa ufukweni.

Dalili za kutofautisha zipo. Kigae cha kweli kina ngozi isiyo sawa: sehemu moja ina ukungu mzito, nyingine hafifu, kwa kuwa maji hayakukigusa kwa usawa. Ukikitazama kwa kioo cha kukuzia utaona alama ndogo za kugongwa, nyingi zikiwa na umbo la herufi C. Cha pipani kina ukungu wa aina moja pande zote, na cha asidi huteleza mkononi kama hariri. Muuzaji akimwaga mezani gunia la vipande vyekundu na vya chungwa, vyote vya unene mmoja na kwa bei ya karanga, jibu umelipata.

Jambo la pili ni kuuita kwa jina lake. Kipande cha Ggaba ni kioo cha ziwani. Kukiuza Nairobi kama kioo cha Lamu ni udanganyifu ambao mjuzi ataugundua kwa kukishika tu. Hasara yake haimwangukii aliyeuza peke yake, bali kila mwenye meza sokoni hapo. Kikiuzwa kama kioo cha Ziwa Victoria, ziwa la kilomita za mraba takriban 68,800 linalounganisha Kenya, Tanzania na Uganda, kina hadithi ambayo Lamu haina.

Kuhusu forodha, bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani zinaweza kupita kwa utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo, kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa hapo hapo mpakani, ikiwa bidhaa imo kwenye orodha iliyokubaliwa na nchi husika. Busara ni kuuliza dawati la taarifa za biashara pale Busia, Malaba au Mutukula kabla ya kubeba shehena, na kueleza kuwa ni mapambo ya mkono yaliyotokana na kioo chakavu. Usichanganye humo simbi, matumbawe wala magamba ya kasa. Hivyo vina sheria zake za uhifadhi, na mtu anaweza kupoteza mzigo mzima kwa ajili ya konokono watatu. Ndani ya hifadhi za bahari, kama Watamu nchini Kenya, hairuhusiwi kuondoka hata na simbi tupu. Na ukikuta shanga au vigae vya vyungu vya kale katika maeneo ya kihistoria, viache pale pale.

Ufuko unaokwisha

Ufuko wa kioo unaojulikana kuliko yote duniani upo Fort Bragg, jimbo la California nchini Marekani. Haukuumbwa na mtu mwenye nia njema. Kuanzia mwaka 1906 wakazi walitupa takataka zao baharini, na jalala lilifungwa mwaka 1967. Vyuma vikaondolewa au kuoza, kioo kikabaki na kusagwa na mawimbi hadi ufuko mzima ukang'aa. Watalii wakaja kwa wingi, kila mmoja akatia mfukoni kidogo, na kioo kikapungua. Leo katika eneo la hifadhi hairuhusiwi kukichukua.

Seaham, kaskazini mashariki mwa Uingereza, habari ni kama hiyo. Palikuwa na kiwanda kikubwa cha chupa katika karne ya 19, kikafungwa mwaka 1921. Mabaki ya kioo yalikuwa yakitupwa baharini, na zaidi ya miaka 100 baadaye watu bado wanayaokota, baadhi yakiwa na rangi mbili au tatu ndani ya kipande kimoja. Hakuna yanayoongezwa. Kila kinachookotwa kinapunguza akiba.

Mfano huo huzaa wazo baya kwa mwenye haraka: kwa nini tusivunje chupa za Kabalagala na kuzitupa ziwani ili zije ziive? Hesabu yenyewe inakataa. Anayetupa leo hatavuna. Atakayevuna kwanza ni mtoto wa mvuvi anayekimbia peku mwaloni, na atavuna jeraha. Kwa kila kigae kilicholainika Ggaba vipo kadhaa ambavyo bado vinakata, na wanaovikanyaga ni wapakuaji wa samaki na watoto, si watalii wenye viatu.

Jiji limekwisha kuonja uchungu wa taka zisizo na pa kwenda. Agosti 2024 jalala la Kiteezi, ambalo kwa miaka mingi lilibeba taka za Kampala, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Kioo hakiozi. Kila chupa iliyoingia Kiteezi bado ipo.

Njia ya chupa za leo ni tofauti na ya chupa za jana, na majirani wameshaionyesha. Arusha, karakana ya Shanga iliyoanza mwaka 2007 huyeyusha chupa zilizotumika na kutengeneza shanga, glasi na mapambo, na wengi wa mafundi wake ni watu wenye ulemavu. Kitengela, nje kidogo ya Nairobi, familia ya msanii Nani Croze imejenga jina kwa kazi za kioo chakavu. Zanzibar, Chako hukata chupa za mahotelini na kuzigeuza taa na glasi za kunywea. Na kwa upande wa plastiki, jahazi la Flipflopi lililoundwa Lamu kwa tani 10 za taka na maelfu ya ndala zilizookotwa ufukweni lilisafiri hadi Zanzibar mwaka 2019, kisha mwaka 2021 likaletwa kuzunguka Ziwa Victoria, kupitia Kenya, Uganda na Tanzania.

Wote hao wanaanza kazi kabla chupa haijafika majini. Kabalagala ina malighafi hiyo kila asubuhi, imekusanywa tayari kwenye magunia, tena bila matope. Anayetafuta biashara ya kioo yenye wingi na uhakika aanzie kwenye baa, si ufukweni. Ufukweni aende kwa furaha, na akipata cha kuuza, kiwe cha ziada.

Kabla ya kushuka mwaloni

Kwa atakayejaribu Jumapili ijayo, mambo machache yatamsaidia.

Mwalo una wenyewe. Ukifika, salimia kwanza. "Wasuze otya, ssebo" kwa mzee wa kiume na "nnyabo" kwa mama hufungua njia haraka kuliko Kiswahili cha kuamuru. Mtafute kiongozi wa mwalo, mweleze unachookota na umwonyeshe kimoja. Mgeni mwenye mfuko anayeinamainama karibu na mitumbwi huzua maswali, na askari wa kulinda uvuvi haramu wana haki ya kuyauliza. Sehemu kubwa ya ufuko kuelekea Munyonyo ni ya mahoteli na watu binafsi. Usivuke uzio.

Vaa viatu vilivyofunika mguu. Usiingie majini, hata maji ya kifundo. Kingo za Ziwa Victoria zina vimelea vya kichocho, ambavyo hupenya ngozi bila mtu kuhisi. Mstari wa takataka zilizoachwa na mawimbi, pale mchanga mkavu unapokutana na mbichi, ndiko kioo hukaa. Tembea ukielekea jua ili vigae vimulike kutoka mbele.

Chukua kilichoiva, na kibichi usikirudishe ziwani. Beba kopo la bati na uvitie humo vinavyokata, ukavitupe mahali salama. Ni kazi ya dakika chache, na wapakuaji wa samaki watakukumbuka.

Nyumbani loweka vigae kwenye maji ya sabuni usiku mmoja, visugue kwa mswaki wa zamani, uvikaushe kivulini. Usivipake mafuta ili ving'ae, maana mnunuzi atadhani unaficha kitu. Anayeanza afunge kwa waya kwanza. Kutoboa kunahitaji keekee yenye ncha ya almasi na kioo kikiwa ndani ya maji, kwa kuwa vumbi la kioo ni hatari kwa mapafu.

Saa nne jua linakuwa kali na mwalo unajaa. Mitumbwi ya visiwani inapakia, wachuuzi wanapita na masinia ya kabalagala, vile vitumbua bapa vya ndizi mbivu na unga wa muhogo vyenye jina moja na mtaa wa baa. Mfanyabiashara ananunua viwili, anapanda teksi ya kurudi.

Jioni basi linatoka Kampala likiwa na khanga, viatu, vipuri na magunia ya maharage. Mpakani ofisa wa forodha atauliza kama kuna kingine cha kutangaza. Yule mwenye kigae kimoja cha rangi ya maji mfukoni hana la kuandika kwenye fomu, lakini akikitoa na kukiweka juu ya meza, ofisa atakishika, atakigeuzageuza kwenye mwanga, na kuuliza kimetoka wapi.